Picha 101 katika Simu ya Mkononi: Maelezo juu ya Kupakua, Kuweka Akiba na Kuonyesha Picha

1. Utangulizi

Kati ya mwaka 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi yake kwa picha 101. Mazungumzo yao yalifanyika kwa Kiswahili cha Katanga, jimbo ambalo wakati huo liliitwa Shaba. Mwaka 1996 Fabian alizichapisha picha hizo pamoja na masimulizi yake katika kitabu kiitwacho Remembering the Present, na mwaka 1998 matini ya mazungumzo, kwa Kiswahili na kwa tafsiri ya Kiingereza, iliwekwa katika intaneti na Archives of Popular Swahili, jarida lililoanzishwa huko Amsterdam. Picha zenyewe nazo ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Tropenmuseum na ambalo tangu 2023 linaitwa Wereldmuseum.

Mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, uko umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi. Ni mmoja wa miji ya migodi ambamo uchoraji wa aina hii ulistawi. Picha za mamba muntu na zile za colonie belge zilitundikwa ukutani katika sebule za wafanyakazi wa migodi na viwanda, zikatazamwa kila siku na kila mgeni aliyeingia. Leo mjukuu wa nyumba kama hizo akitaka kuzisoma picha za Tshibumba, yamkini ataanza kwa kuzitafuta katika simu yake ya mkononi, kwa mega alizozinunua kwa fedha zake mwenyewe. (Tunalitumia neno mega kwa maana wanayoipa watu wa Kongo, yaani kiasi cha data mtu anachonunua.)

Wataalamu wa nyaraka wamezoea kusema kwamba kitu kikishawekwa mtandaoni kimerudishwa kwa wenyewe. Makala haya yana shaka na kauli hiyo. Baina ya picha iliyowekwa katika seva ya Ulaya na jicho la mwanafunzi wa Likasi kuna kazi kubwa inayofanywa na programu ya simu, na kazi hiyo ikifanywa vibaya picha haifiki, au hufika kwa gharama ambayo msomaji hawezi kuilipa mara ya pili. Tutaieleza kazi hiyo kwa lugha ya kawaida, kwa kuchukua mfano wa programu ya kubuni ambayo ingeziweka picha zote 101 sambamba na matini ya mazungumzo. Hatuwalengi wahandisi peke yao. Wanaotunga maombi ya fedha kwa ajili ya nyaraka za Kiswahili ni walimu wa lugha na fasihi, na aghalabu wao ndio wanaoidhinisha programu bila ya kujua waulize nini.

2. Picha moja, uzito tatu

Chanzo cha ubadhirifu mwingi ni imani kwamba picha ina uzito mmoja. Kwa hakika picha ileile ina uzito wa aina tatu: ule inaposafiri katika mtandao, ule inapolala katika hifadhi ya simu, na ule inapofumuliwa ili ionekane kwenye kioo. Wa kwanza na wa pili huwa karibu sawa. Wa tatu ni mambo mengine kabisa.

Tuchukue picha iliyopigwa kwa kamera ya kawaida, yenye vitone 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu. Vitone hivyo, ambavyo wataalamu huviita pikseli, ni milioni 12. Faili ya picha hiyo katika muundo wa JPEG, ambao kanuni zake ziliwekwa mwaka 1992, inaweza kuwa na megabaiti 3 tu, kwa sababu JPEG huigandamiza picha. Huigawa katika miraba midogo ya vitone 8 kwa 8, kisha hutupa yale ambayo jicho la mwanadamu haliyatambui kwa urahisi, hasa tofauti ndogondogo za rangi. Lakini kioo cha simu hakiwezi kuonyesha kitu kilichogandamizwa. Ni lazima kila kitone kirudishiwe rangi yake kamili: baiti moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya buluu, na moja ya kiwango cha uangavu. Baiti 4 mara vitone milioni 12 ni baiti milioni 48. Faili iliyoingia mlangoni ikiwa na milioni 3 imekaa sebuleni ikiwa na milioni 48.

Simu ya kwanza yenye mfumo wa Android, iliyotoka mwaka 2008, iliiruhusu kila programu itumie megabaiti 16 tu za kumbukumbu ya kazi. Picha moja ya aina tuliyoieleza isingeweza kufumuliwa humo hata theluthi yake. Simu za leo zina nafasi kubwa zaidi, lakini zile za bei nafuu zinazouzwa katika masoko yetu bado huipa kila programu mpaka wake, na mpaka huo ukivukwa mfumo haumpi mtumiaji maelezo yoyote ya maana. Programu hufungwa ghafla. Mtumiaji husema simu imekufa, au kwamba mtandao ni mbaya. Mara nyingi mtandao hauna kosa.

Sasa tujiulize msomaji anahitaji vitone vingapi. Kioo cha simu ya kawaida kina vitone 720 kwa upana. Picha yetu ikijaza upana wote wa kioo itakuwa na vitone 720 kwa 540, yaani baiti 1,555,200 baada ya kufumuliwa. Programu iliyofumua milioni 48 imetumia nafasi mara 31 ya iliyohitajika, na ziada yote hiyo haionekani kwa jicho. Vitone vya ziada havimo kwenye kioo. Vimebanwa na kutupwa dakika ya mwisho.

Dawa yake inajulikana. Kabla ya kuifumua picha, programu husoma utangulizi wa faili tu, ambao ni baiti chache, ili ijue upana na urefu wake. Kisha huiamuru kazi ya kufumua ichukue kitone kimoja katika kila viwili, au vinne, au vinane. Kwa picha yetu, kugawa kwa 4 kunatupa vitone 1000 kwa 750, yaani baiti milioni 3. Kugawa kwa 8 kunatupa 500 kwa 375, ambavyo ni pungufu ya kioo. Kwa hiyo tunachagua 4: kigawo cha mwisho ambacho hakijaishusha picha chini ya mahali itakapokaa. Kwa orodha yenye picha ndogo mbili katika kila mstari, 8 inatosha. Hatua hii moja, ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuiandika kwa mistari michache, huokoa programu nyingi zisife.

Hata hivyo hatua hiyo imeokoa kumbukumbu ya kazi peke yake. Mega za msomaji hazijaokolewa, kwa sababu faili nzima ya megabaiti 3 imekwisha kusafiri. Tukiziweka picha 101 hivyo, msomaji atalipia megabaiti 303 kabla ya kuzimaliza. Ni lazima kupunguza kufanyike pia kule seva iliko. Tuseme kila picha imewekwa kwa vipimo vitatu: kidogo cha kilobaiti 20 kwa ajili ya orodha, cha kati cha kilobaiti 150 kwa ajili ya kioo kizima, na kikubwa kwa ajili ya uchunguzi. Orodha yote ya picha 101 itagharimu megabaiti 2 hivi, na picha zote za kati megabaiti 15. Tofauti ya 15 na 303 ndiyo tofauti ya mwanafunzi anayesoma mfululizo mzima na yule anayekoma katika picha ya tano.

Kisa kimoja kinastahili kutajwa hapa kwa sababu wahusika wamekieleza wenyewe. Katikati ya mwaka 2013 kampuni ya Facebook iliwatuma baadhi ya wahandisi wake Afrika wakaijaribu programu yao kwa simu za hapa na mitandao ya hapa. Kwa maelezo waliyoyachapisha 2014, programu ilikuwa ikifungwa mara kwa mara, na data waliyoinunua kwa matumizi ya mwezi mzima ilikwisha kwa dakika 40. Waliporudi waliuingiza muundo wa WebP, ambao Google iliutangaza 2010 na ambao huigandamiza picha kuliko JPEG, wakapunguza na mambo mengine, hata matumizi ya data yakashuka kwa nusu. Watumiaji wa Afrika waliyajua hayo muda mrefu kabla ya safari hiyo. Ilibidi wahandisi walipie mega wao wenyewe ndipo wayaone.

3. Akiba, na suala la jina lake

Picha iliyokwisha kupakuliwa isipakuliwe tena. Hilo ndilo wazo lote la kile ambacho Waingereza na Wafaransa hukiita cache, na hapa wanaisimu wana neno la kusema. Asili ya istilahi hiyo ni Kifaransa, kitenzi chenye maana ya kuficha. Ilipita kwa wawindaji wa ngozi wa Kanada waliochimbia vyakula njiani ili wavikute wakati wa kurudi, ikaingia katika kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1960, IBM ilipoitumia kwa mashine yake ya System/360 Model 85. Msomaji wa Katanga, ambaye Kifaransa anakijua, akisikia neno kache hufikiria kitu kilichofichwa, na tafsiri ya kificho ingemjia haraka. Tafsiri hiyo ingempoteza. Mwindaji hakukichimbia chakula kwa sababu ya kuona haya, alikiweka akiba. Neno akiba limo katika Kiswahili cha pande zote, lina maana ya kitu kilichotengwa kwa matumizi ya baadaye, na halihitaji kamati. Makala haya yanalitumia hilo, ingawa tunatambua kwamba vijana wa kompyuta wataendelea kusema kache. Jambo hilo halina madhara.

Akiba ya picha ina ngazi mbili. Ya kwanza imo katika kumbukumbu ya kazi: picha zilizokwisha kufumuliwa, zilizo tayari kuonyeshwa papo hapo. Ni ya haraka sana, ni ndogo sana, na hufutika programu inapofungwa. Ya pili imo katika hifadhi ya simu: faili zilizogandamizwa kama zilivyotoka mtandaoni. Ni kubwa zaidi, ni ya polepole kiasi, na hudumu hata simu ikizimwa. Picha inapotakiwa, programu huitafuta kwanza katika kumbukumbu. Isipoiona huitafuta katika hifadhi. Isipoiona humo ndipo huenda mtandaoni. Kila ngazi ni ghali kuliko iliyotangulia, na ya mwisho ndiyo pekee inayolipiwa mega.

Inafaa tusimame kidogo katika neno kumbukumbu. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walipoandika juu ya picha za Shaba mwaka 1976 walionyesha kwamba dhana ya ukumbusho ndiyo iliyokuwa kiini cha maelezo ya watu wenyewe: picha ilitundikwa ukutani ili imkumbushe mtazamaji. Kompyuta imelichukua neno la mzizi uleule, lakini kumbukumbu yake ina tabia ambayo ukuta wa sebule hauna. Ikijaa, lazima isahau, na lazima pawe na kanuni ya nini kisahauliwe.

Kanuni iliyoenea ni ya kuiondoa picha iliyokaa muda mrefu kuliko zote bila ya kuguswa. Android ina chombo cha kazi hiyo tangu mwaka 2011, na maktaba za programu kama Picasso, Glide, Fresco na Coil huitegemea kwa namna moja au nyingine. Kwa mazoea ya kawaida kanuni hii ni nzuri, kwani kilichotazamwa punde huenda kikatazamwa tena. Lakini tuijaribu kwa mfululizo wetu. Tuseme kumbukumbu inabeba picha 50, na msomaji anatazama kuanzia ya 1 hadi ya 101 kwa utaratibu. Akifika mwisho, akiba ina picha za 52 hadi 101. Akiamua kurudi nyuma polepole, picha 50 za kwanza atazikuta; kanuni imemfaa. Lakini akibofya kitufe cha kuanza upya kutoka picha ya 1, hataikuta, na kuingizwa kwake kutaiondoa ya 52. Ya 2 itaiondoa ya 53, na kadhalika. Atakapofika ya 52 itakuwa imekwisha kuondolewa. Ataimaliza safari nzima bila ya kukuta hata picha moja katika kumbukumbu, japo nusu ya mfululizo ilikuwa imo alipoanza.

Mwaka 1966 László Bélády wa IBM alionyesha kwamba chaguo bora ni kukiondoa kile kitakachohitajiwa mbali zaidi katika wakati ujao. Kwa kawaida hakuna programu inayoujua wakati ujao. Lakini kwa masimulizi yenye mpangilio, kama haya ya Tshibumba, mtunzi wa programu anaujua kwa kiasi: baada ya picha ya 30 inakuja ya 31. Anaweza basi kuifumua picha inayofuata kabla haijaombwa, na kuwaachia wanaosoma kwa kurukaruka ile kanuni ya kawaida. Hapa mwanafasihi anayejua jinsi matini inavyosomwa ana la kumfundisha mhandisi.

Jambo la pili ni ufunguo. Akiba hukitambua kitu kwa jina lake, na jina la picha aghalabu ni anwani yake ya mtandaoni. Baadhi ya seva hubandika mwishoni mwa anwani herufi za kibali cha muda, zinazobadilika kila saa au kila mtumiaji anapoingia. Picha ni ileile, anwani ni mpya. Akiba huiona kuwa ni mgeni na kuipakua upya. Akiba imejaa nakala kumi za picha moja na bado msomaji anatozwa. Kwa hiyo ufunguo utungwe kutokana na kitu kisichobadilika, mathalani namba ya picha katika mfululizo, toleo lake na kipimo chake. Kipimo kisisahauliwe. Kikisahauliwa, picha ndogo ya orodha itatolewa mahali pa kubwa, na msomaji atalaumu mchoraji kwa ukungu ambao si wake.

Je, picha ikisahihishwa kule seva iliko, tuseme imepigwa upya kwa mwanga bora? Kanuni za HTTP zilizotolewa 1997 zilikwisha kulifikiria hilo. Seva huipa kila faili alama yake pamoja na muda wa kuaminika kwake. Muda huo ukipita, programu haipakui upya. Huituma alama iliyo nayo na kuuliza kama ingali sahihi. Seva ikijibu kwamba hakuna kilichobadilika, kilichosafiri ni maneno machache tu badala ya picha nzima. Kwa picha zilizochorwa nusu karne iliyopita, muda wa kuaminika unaweza kuwekwa mwaka mzima. Tumeona nyaraka ambazo seva zake hazisemi lolote juu ya muda huo, na matokeo ni kwamba programu huuliza, au hupakua, kila siku.

Mwisho juu ya akiba: si hazina. Sehemu ambayo mfumo wa simu huitenga kwa akiba inaweza kufutwa na mfumo wenyewe wakati wowote hifadhi inapopungua, na katika simu iliyojaa video hifadhi hupungua kila siku. Mwanafunzi aliyezipakua picha zote kwa mtandao wa chuo ili azisome nyumbani asishangae kuzikosa jioni, ikiwa mtunzi wa programu aliziweka humo. Kile ambacho msomaji ameomba kwa hiari yake kihifadhiwe kiwekwe mahali pa kudumu, na kifutwe kwa amri yake tu. Katika lugha ya programu, kwa hiyo, vitufe viwili vya “futa akiba” na “futa nilivyohifadhi” visitafsiriwe kwa neno moja, kosa ambalo linaonekana katika tafsiri nyingi za Kiswahili.

4. Picha isiyo yake

Hadi hapa tumezungumzia gharama. Kuna kosa jingine ambalo halimgharimu msomaji hata kilobaiti moja, nalo kwa mtaalamu ni baya kuliko yote.

Orodha ndefu katika simu haina visanduku 101. Ina visanduku vichache, kiasi cha kuujaza kioo na kuzidi kidogo. Msomaji anapoisukuma orodha, kisanduku kilichotoka juu hurudishwa chini na kupewa kazi mpya. Ni utaratibu mzuri wa kubana matumizi. Sasa, kisanduku kilikuwa na picha ya 12, ambayo iliombwa mtandaoni na haijafika. Msomaji amesukuma; kisanduku kimepewa picha ya 19, ambayo imo katika akiba na imeonekana mara moja. Sekunde tatu baadaye picha ya 12 inawasili kutoka Ulaya. Inakwenda wapi? Ikiwa programu haikuandikwa kwa uangalifu, inakwenda palepale ilipoagizwa, na kuifunika ya 19. Maneno chini yake yanabaki kuwa ya 19.

Kwa programu ya kuuzia viatu hilo ni kichekesho. Kwa mfululizo wa Tshibumba ni upotoshaji wa chanzo. Lumumba, aliyeuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961, anatokea mara nyingi katika picha hizo, na mavazi na wahusika wanaomzunguka hubadilika kwa maana. Mwanafunzi akisoma maneno ya mchoraji juu ya tukio moja huku anatazama tukio jingine, hatajua. Ataandika tasnifu. Na kadiri mtandao ulivyo wa polepole ndivyo kosa hili linavyotokea mara nyingi. Mtunzi aliyeijaribu programu yake mjini Amsterdam, ambako picha ya 12 hufika kabla kidole hakijanyanyuka, anaweza asilione kabisa.

Tiba yake ni sharti mbili. Kwanza, kisanduku kinapopewa kazi mpya, ombi la zamani lifutwe. Jambo hili huokoa na mega, maana picha ambayo hakuna anayeitazama haina sababu ya kuendelea kupakuliwa. Pili, picha inapowasili, kabla ya kuonyeshwa, kisanduku kiulizwe kama bado kinaisubiri namba hiyo. Maktaba tulizozitaja hufanya yote mawili zenyewe zikitumiwa ipasavyo. Anayeandika kila kitu kwa mkono wake ajihadhari.

Kuna na mambo madogo ya uonyeshaji ambayo tutayapitia haraka. Kazi ya kufumua picha isifanywe katika njia ileile ya utekelezaji inayochora kioo, kwa sababu kioo huchorwa mara 60 kwa sekunde na kila mchoro una milisekunde 16 hivi. Picha kubwa ikifumuliwa humo, kidole kinasogea na orodha inaganda. Nafasi ya picha itengwe kabla haijafika, kwa kutumia uwiano wa upana na urefu ulioandikwa pamoja na matini, ili maneno yasiruke chini wakati msomaji yuko katikati ya sentensi. Na picha ikishindikana kufika, isemwe hivyo kwa Kiswahili kinachoeleweka, pamoja na kitufe cha kujaribu tena, badala ya duara linalozunguka bila ya mwisho.

5. Maandishi yaliyomo ndani ya picha

Tumesema kila picha iwe na kipimo kikubwa kwa ajili ya uchunguzi. Hapa kugandamiza kuna mpaka wake, na mpaka huo ni wa kitaaluma. Tshibumba alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, kwa maeneo mapana ya rangi, na mara nyingi aliandika maneno ndani ya picha yenyewe: majina, tarehe, sentensi za Kifaransa. Miraba ya JPEG huvumilia anga na nguo. Haivumilii kingo kali za herufi. Ukigandamiza mno, herufi hupata ukungu pembeni, na mtu anayechunguza tahajia ya mchoraji, ambayo kwa wanaisimu ni data, hawezi tena kutofautisha kosa la mkono na kosa la mashine. Vivyo hivyo mbinu ya kutumia baiti 2 badala ya 4 kwa kila kitone: huokoa nusu ya kumbukumbu, lakini anga lililopakwa kwa mpito wa rangi huonekana kama ngazi. Kwa orodha ya picha ndogo tunaikubali. Kwa uchunguzi tunaikataa.

Lakini msomaji anayetaka kusoma maandishi ya pembeni hana haja ya picha nzima kwa ukubwa wake wote. Anataka pembe ile tu. Tangu mwaka 2011 maktaba na makumbusho kadhaa ulimwenguni zimekuwa zikijenga kanuni za pamoja ziitwazo IIIF, ambazo huiwezesha programu kuiomba seva sehemu fulani ya picha, kwa kipimo fulani, kwa kuandika vipimo hivyo katika anwani yenyewe. Picha hukatwa vipande vya mraba, mathalani vya vitone 256 kwa 256, na simu huomba vile tu vinavyoonekana kwenye kioo. Kioo chetu cha vitone 720 kwa 540 hufunikwa na vipande visivyozidi 16 kwa wakati mmoja, hata kikiwa hakijalingana na kingo zake. Picha nzima ya 4000 kwa 3000 ina vipande 192. Na kwa kuwa kila kipande kina anwani yake isiyobadilika, kila kimoja huingia katika akiba kwa ufunguo wake, kikakutwa hapo kesho yake.

Basi mwalimu anayeletewa programu ya namna hii aidhinishe asianze kwa kuuliza kama ni nzuri. Achukue simu ya bei nafuu, aweke megabaiti 50, afungue mfululizo kuanzia picha ya 1 hadi ya 101, aifunge programu, aifungue tena, na atazame kilichobaki. Kisha auzime mtandao kabisa na arudi picha ya 1. Halafu aingie katika orodha, aisukume kwa kasi mtandao ukiwa dhaifu, asimame popote, na alinganishe namba ya picha na maneno yaliyo chini yake. Jaribio hilo halichukui saa moja, na linafaa kufanywa Likasi kuliko Lubumbashi, na Lubumbashi kuliko Amsterdam.